Usiulaumu Upepo wa Dodoma



Tumeshaingia kipupwe. Mvua zilikatika tangu Aprili, mtama na uwele vimeshaingia ghalani, na hapa Dodoma, mita zaidi ya 1,100 juu ya usawa wa bahari, usiku kunapiga kibaridi ambacho mgeni aliyehamia kutoka Dar es Salaam hakukitegemea. Alfajiri ni nyuzi 13 au 14, mchana jua kali, na katikati yake upepo mkavu unaozoa vumbi la barabarani na kulimwaga sebuleni. Waendesha bodaboda wamejifunga mitandio mpaka puani, na kila kona unasikia chafya. Muulize anayepiga chafya amepatwa na nini. Kuanzia Nkuhungu mpaka Nzuguni jibu ni hilo hilo: "Ni huu upepo, ndugu yangu. Upepo wa Dodoma mbaya sana."

Leo nimekuja kuutetea upepo. Nasema unasingiziwa. Na kwa kuwa tunausingizia, tunafunga madirisha ili usituingilie, na huko ndani tunakofungiana ndiko mafua yanakotumaliza.

Mafua ya kawaida huletwa na virusi. Kundi kubwa kuliko yote la virusi hivyo huitwa rinovirusi, nalo lina aina zaidi ya 100. Ndiyo maana unaugua mwezi huu, unapona, na mwezi ujao unaugua tena: umekutana na aina nyingine. Mafua makali, yale yanayokulaza kitandani kwa homa, kuumwa kichwa na maumivu ya viungo, yanatokana na virusi vya influenza. Vyote hivi hutoka kwa mtu vikaenda kwa mtu. Hutoka kwa chafya, kwa kikohozi, kwa maongezi, hata kwa pumzi ya kawaida. Hupita pia kwenye mkono uliofuta kamasi kisha ukamsalimia mwenzako. Pasipo mtu mwenye virusi, baridi peke yake haikupi mafua hata ukilala nje.

Waingereza walilipima jambo hili. Mwaka 1946 walifungua kituo cha kuchunguza mafua karibu na mji wa Salisbury, wakawaita watu wa kujitolea. Baadhi yao waliogeshwa, wakasimamishwa kwenye korido yenye upepo wa baridi wakiwa wamelowa. Walitetemeka, wakanung'unika, lakini hawakuugua mafua kuwazidi wenzao waliokaa mahali pa joto.

Sasa utaniuliza, kama baridi haina kosa, mbona mafua yanakuja na kipupwe? Swali zuri, na lazima niseme ukweli wote. Msimu huu una mchango wake. Hewa ikiwa kavu, ngozi laini ya ndani ya pua nayo hukauka, na ule ute unaonasa vijidudu hupungua nguvu. Virusi vya influenza navyo huishi muda mrefu zaidi kwenye hewa kavu. Vumbi linakwaruza koo, na mwenye pumu analijua hilo kuliko mtu mwingine yeyote. Yote hayo kweli. Lakini yanafungua mlango tu. Anayeingia na ugonjwa ni binadamu, na anaingia kwa urahisi zaidi pale ambapo watu wengi wamejifungia wakivuta hewa ile ile.

Historia ya nyanda hizi inatosha kuwa ushahidi. Mwaka 1918 influenza iliizunguka dunia na kuua watu wanaokadiriwa kufikia milioni 50. Ilipofika Tanganyika, iliikuta Ugogo, nchi hii ya Wagogo, imelala chali. Vita vya Wajerumani na Waingereza vilikuwa vimepita hapa. Majeshi ya pande zote mbili yalichukua ng'ombe, yakachukua nafaka, yakachukua wanaume wakawe wapagazi. Kisha mvua nayo ikakosekana. Njaa ile, ambayo wazee wa Kigogo waliiita Mtunya, iliwaandama watu kati ya 1917 na 1920, na influenza ikaja kuwakuta katikati yake. Ilikuja na askari na wapagazi waliokuwa wanarudi makwao, ikaja na Reli ya Kati, ambayo ilikuwa imefika Dodoma mwaka 1910 na Kigoma mwaka 1914. Upepo wa Ugogo ulikuwa ukivuma miaka yote kabla ya hapo. Mambo mapya yalikuwa misafara ya watu na matumbo matupu.

Tunajifunza mambo mawili hapo. Kwanza, ugonjwa wa njia ya hewa unasafiri na abiria. Pili, mwili wenye njaa hauna wa kuutetea. Haya yote bado yapo nasi.

Tazama jiji letu. Sensa ya 2012 iliwahesabu wakazi 410,956 wa Dodoma mjini. Sensa ya 2022 ikawakuta 765,179. Wizara zimehamia, mji wa Serikali wa Mtumba umejengeka, Chuo Kikuu cha Dodoma kinapokea vijana kutoka kila mkoa, na tangu Julai 2024 treni ya umeme inamtoa mtu Dar es Salaam na kumfikisha hapa kwa muda usiofika saa nne. Mtu aliyeambukizwa influenza huanza kuitoa kwa wenzake tangu siku moja kabla hajajisikia vibaya. Kwa hiyo abiria anapanda treni mzima kabisa, anacheka na jirani yake, na kesho yake jioni ndipo anaanza kutafuta Panadol. Halafu ongeza maonyesho ya wakulima ya Nanenane, pale Nzuguni, mwanzoni mwa Agosti, katikati kabisa ya kipupwe. Sisemi watu wasiende Nanenane. Mabanda mengi yako wazi na upepo unapita. Mimi hofu yangu iko kwenye gari la kuwapeleka huko.

Hebu tupande daladala moja la asubuhi, saa moja hivi, la kwenda Mtumba. Viti vimejaa, waliosimama wameinamisha shingo maana paa ni fupi. Kijana mmoja aliyekaa dirishani amesogeza kioo kidogo. Mama wa kiti cha nyuma anamwambia, "Mwanangu, hebu funga hilo dirisha, utatuua na baridi." Kijana ana adabu zake, anafunga. Nyuma kabisa baba mmoja anakohoa, anajifuta mdomo kwa kiganja, kisha anatoa nauli. Noti inapokelewa na huyu, inapewa yule, inafika kwa konda. Hawajafika Ihumwa, vioo vyote vimeota ukungu.

Ule ukungu kwenye kioo ni nini? Ni pumzi zenu. Zimetoka vifuani mwenu, zimekosa pa kwenda, zimegonga kioo. Na ile isiyogonga kioo mnarudia kuivuta. Ukiona vioo vya gari vimeota ukungu, jua kwamba humo ndani mnakopeshana mapafu.

Dawa yake haina gharama. Fungua madirisha mawili, moja kila upande, hata upana wa kiganja tu, ili hewa iingie huku na kutokea kule. Mama wa kiti cha nyuma ana haki ya kusikia baridi, kwa hiyo ajifunike shali, avae koti zito. Joto litunzwe mwilini kwa nguo, na hewa iachwe ipite. Dereva na konda mnaonisikiliza, hili lipo mikononi mwenu.

Wapo watakaosema dirisha wazi ni mambo ya zamani, siku hizi kuna mitambo. Mwaka 2007 ulitolewa utafiti kutoka hospitali za Lima, mji mkuu wa Peru. Watafiti walipima hewa ya vyumba vya wagonjwa. Vyumba vilivyofunguliwa madirisha na milango vilibadilisha hewa yote kwa wastani wa mara 28 kwa saa. Vyumba vya kisasa vyenye mitambo ya kupitisha hewa vilifikia mara 12. Yaliyofanya vizuri kuliko yote ni majengo ya zamani, yenye dari la juu na madirisha makubwa. Sasa sisi, ambao upepo unatugongea mlango bure mchana kutwa, tunawafungia watoto 80 darasani kwa sababu tunaogopa vumbi.

Vumbi nalo lina namna yake. Nyumbani, fungua madirisha asubuhi na jioni, pale upepo unapotulia. Mwagia maji uani kabla ya kufagia, hata yale uliyoogea. Futa meza kwa kitambaa kibichi badala ya kupangusa kwa kikavu. Mwenye pumu akae mbali wakati wa kufagia. Lakini chumba wanacholala watu watano kisifungwe kama ghala.

Na tukiwa bado ndani ya nyumba, tuzungumzie moshi. Katika tembe zetu, na hata katika nyumba za bati vijijini, kipupwe ni wakati wa kuhamishia jiko ndani. Kuni zinawaka, mlango umefungwa, mama anakoroga ugali wa uwele akiwa na mtoto mgongoni. Wazazi wanauona moshi ule kama joto. Shirika la Afya Duniani linasema kuvuta moshi wa jikoni humwongezea mtoto hatari ya nimonia karibu mara mbili. Serikali ilizindua mkakati wa nishati safi ya kupikia Mei 2024, lengo likiwa asilimia 80 ya Watanzania watumie nishati safi ifikapo 2034. Ni lengo jema, lakini mtoto wa Bahi anapumua leo. Wakati mtungi wa gesi bado haujafika, pikia nje au kibandani, tumia kuni zilizokauka vizuri, toboa tundu la kutolea moshi juu ya jiko, na huyo mtoto ashushwe mgongoni, akae na dada yake uani. Na jiko la mkaa lisiingizwe chumbani usiku kwa ajili ya kuota moto. Hilo linaua kwa usiku mmoja, wala halingoji mafua.

Tuje kwenye maji. Najua mtu wa Dodoma akiambiwa anawe mikono kila mara anacheka. Maji gani? Ya mgao, au ya kununua kwa dumu? Lakini wilaya yetu ya Kongwa imeshaifundisha dunia somo hapa. Kule walihangaika na trakoma, ugonjwa wa macho unaosambazwa na matongo, kamasi na inzi. Watafiti wakawapa watu wa vijiji kadhaa dawa ya macho, na baadhi ya vijiji wakaviongezea mikutano ya kuhimizana kuwanawisha watoto uso. Matokeo yalitoka katika jarida la Lancet mwaka 1995: watoto ambao nyuso zao zilidumu kuwa safi walipungukiwa sana na trakoma kali. Na Kongwa haikuwa na maji ya kuchezea. Kunawa uso na mikono kunataka maji kidogo mno, ukiyapangilia.

Njia yetu ya kuyapangilia ni kibuyu chirizi. Chukua kidumu cha lita 5, kitoboe kwa msumari uliopashwa moto, chini kidogo ya mdomo. Kining'inize kwenye mti wa kulalia juu ya nguzo mbili. Funga kamba kwenye mfuniko, na mwisho wa kamba funga kijiti cha kukanyagia. Ukikanyaga, kidumu kinainama, maji yanachirizika uzi mwembamba, na mkono wenye kamasi haugusi chochote. Sabuni itobolewe, ining'inizwe kando. Familia nzima inanawa kwa kidumu kimoja. Tafiti zinaonyesha kunawa kwa sabuni hupunguza magonjwa ya njia ya hewa kwa takriban asilimia 16 hadi 21. Na ukikosa leso unapotaka kupiga chafya, tumia kiwiko, maana kiwiko hakimsalimii mtu.

Haya, tuseme mafua yameshakupata. Unakwenda duka la dawa, unasimama kaunta, unasema, "Nipe zile za rangi mbili." Muuzaji anakata vidonge vinne, anakufungia kwenye karatasi, unaondoka umefurahi. Ndugu yangu, umetupa hela. Antibayotiki huua bakteria, haigusi virusi vya mafua. Utapona baada ya wiki moja, kama ambavyo ungepona bila hizo dawa. Tofauti ni kwamba bakteria waliokuwamo mwilini mwako sasa wameshaionja dawa kidogo na kuizoea, na siku mwanao atakapopata nimonia ya kweli, dawa ile huenda ikagoma. Kwa mafua, pumzika, kunywa vitu vya majimaji kwa wingi, meza parasetamoli kwa homa na maumivu, basi.

Na kujifukiza? Mvuke hulegeza kamasi na kukupa nafuu ya pua iliyoziba. Hauui virusi. Kwa mtu mzima hakuna ubaya akiwa mwangalifu, lakini usimfunike mtoto blanketi juu ya chungu cha maji yanayochemka, kwa kuwa mguso mmoja tu unamuunguza usoni na kifuani. Kwa kikohozi cha mtoto, kijiko cha asali kinasaidia, na hapa tuna bahati, asali ya Itigi na Manyoni iko jirani. Ila mtoto wa chini ya mwaka mmoja asipewe asali kabisa, kwani inaweza kumpa ugonjwa wa sumu unaolegeza misuli.

Ubuyu wetu una vitamini C nyingi kuliko chungwa. Mwenye kuutumia kila siku ategemee nini? Tafiti za vitamini C zinasema haizuii mafua kwa mtu wa kawaida, ila kwa wanaoitumia siku zote hupunguza kidogo siku za kuugua, kama asilimia 8 kwa watu wazima. Kwa hiyo kunywa juisi ya ubuyu kwa sababu ni chakula chema, pamoja na mlenda wako, karanga, maharage na maziwa ya mgando. Shibe ya kila siku ndiyo kinga, na waliopita kwenye Mtunya wangekuambia hivyo.

Sasa naomba usikivu wa mama na baba mwenye mtoto mdogo. Mafua ya mtoto yanaweza kushuka kifuani yakawa nimonia, na kuitambua hakuhitaji mashine. Mtoto akiwa ametulia, halii wala hanyonyi, mfunue nguo kifuani. Najua ni baridi, ni dakika moja tu. Shika simu yenye saa. Hesabu kila kifua kinapopanda, dakika nzima. Mtoto wa chini ya miezi 2, ukihesabu pumzi 60 au zaidi, ni hatari. Wa miezi 2 mpaka kabla hajatimiza mwaka, 50 au zaidi. Wa mwaka 1 mpaka kabla ya miaka 5, 40 au zaidi. Tazama pia chini ya mbavu: kama panabonyea kuingia ndani kila anapovuta pumzi, au kama hawezi kunyonya, anatapika kila kitu, amepata degedege, amelegea haamki, usingoje kuche. Nenda zahanati. Nimeona wazazi wengi wakimviringisha mtoto mwenye homa blanketi tatu, na chini ya blanketi zile kifua kinapanda na kushuka mbio, hakuna anayeona.

Na kliniki msikose. Tanzania ilianza kutoa chanjo ya bakteria wa Hib, ndani ya chanjo ya pamoja iitwayo pentavalenti, mwaka 2009, na chanjo ya bakteria wa nimokoko mwaka 2013. Zote mbili zinapunguza nimonia kali, na hutolewa mtoto akiwa na wiki 6, 10 na 14.

Watu wazima nao wasijione chuma. Mjamzito, mzee, mwenye kisukari, pumu, moyo, selimundu au virusi vya UKIMWI akipata mafua makali amwone mtaalamu mapema. Kubanwa pumzi, maumivu ya kifua, kuchanganyikiwa, au homa iliyopoa kisha ikarudi kwa nguvu ni mambo ya hospitali. Na kikohozi kikifika wiki mbili, acha kusema "ni mafua yangu ya kila mwaka". Kapime kifua kikuu. Kipimo ni bure, dawa ni bure, na mficha maradhi kilio humuumbua.

Nimalizie na wakubwa wa kazi, walimu wakuu na viongozi wa ofisi. Hewa ni mali ya wote waliomo chumbani, kwa hiyo mafua ya mmoja ni shughuli ya wote. Mtumishi anayekuja ofisini anatetemeka kwa homa kwa kuogopa kukatwa siku, au mwanafunzi anayelazimishwa kukaa mtihani wa majaribio huku anakohoa, anaigharimu taasisi zaidi kuliko kama angepumzika nyumbani siku tatu. Mpeni ruhusa. Akirudi na kikohozi kilichobaki, avae barakoa, akae karibu na dirisha, na dirisha hilo liwe wazi.

Kama una swali la afya, namba 199 ya Wizara ya Afya inapigwa bila malipo. Nawatakia kipupwe chema, ninyi na wote mnaopumua nao hewa moja.